Eriali Ndogo, Bahari Pana: Nani Atazipima Simu Zetu?

Kila mtu aendaye baharini katika visiwa vyetu, awe mvuvi wa Kojani, nahodha wa mashua ya Tumbatu au mchuuzi avukaye kutoka Fundo kwenda Wete, analijua jambo moja ambalo wakuu wetu maofisini hawajalipa uzito unaostahili. Simu ndogo ya vitufe, ile ambayo vijana wa mjini huiita kitochi kwa kebehi, huendelea kusikilizana na nchi kavu pale ambapo simu janja ya bei kubwa imeshakata zamani. Maneno haya yamesemwa mabarazani kwa miaka mingi, na mara nyingi jawabu lililotolewa ni kicheko, au ni ile ahadi iliyozoeleka ya kwamba mnara mwingine utajengwa. Sisi tunasema ya kwamba wavuvi wana haki. Sababu ya jambo hili haimo mnarani peke yake. Sehemu yake kubwa imo ndani ya simu yenyewe, katika kipande cha madini chembamba kisichozidi ukubwa wa kidole, nacho ni eriali.

Tumekusudia kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni la kitaalamu, na kwa kuwa mambo ya kitaalamu yakiachiwa wauzaji peke yao wayaeleze, mwananchi hubaki na maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi.

Eriali ni mfano wa bembea. Mtoto akiwa juu ya bembea, atakayemsukuma hana budi kufuata mwendo wa bembea yenyewe; akisukuma upesi mno au polepole mno, nguvu zake zinapotea bure. Eriali nayo ina mwendo wake, na mwendo huo unatokana na urefu wake ukilinganishwa na urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 900, ambalo ndilo lililoanza kubeba simu zetu za mkononi, lina urefu wa sentimita 33 hivi. Eriali iliyo nyepesi kutengeneza kwa wimbi hilo ni robo yake, yaani sentimita 8 na kitu. Wimbi la megahezi 700 lina sentimita 43, na la megahezi 3500 halifiki hata sentimita 9. Kwa upana wa masafa wa eriali tunakusudia ile nafasi, kutoka masafa ya chini hadi ya juu, ambamo eriali hukubali kusukumwa bila ya kurudisha nguvu ilikotoka. Nje ya nafasi hiyo nguvu inayopelekwa kwenye eriali hurudi nyuma, na simu hubaki ikisema peke yake.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Simu ya kizazi cha pili iliyotumia megahezi 900 ilihitaji kufanya kazi baina ya 880 na 960 tu, nafasi ambayo ni karibu asilimia 9 ya masafa yake ya katikati. Ilitosha kuwa na kijiti kilichochomoza juu ya simu. Kisha watu wakachoka na vijiti. Mwaka 1998 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya 8810 ambayo eriali yake imefichwa ndani, na mwaka uliofuata ikatoa ya 3210, iliyouzwa kwa mamilioni na iliyofika hata madukani kwetu Darajani. Kutoka hapo kijiti kikaanza kutoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na bati bapa lililokunjwa na kulazwa juu ya ubao wa simu. Lilikuwa jambo la kupendeza macho, na mafundi waliolifanya wanastahili sifa. Lakini ndipo tabu ilipoanzia.

Maana simu ya leo haitakiwi kusikiliza masafa mamoja wala mawili. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyauza kwa mnada masafa ya megahezi 700 mwaka 2018, na mwaka 2022 ikafanya mnada mwingine uliohusisha masafa ya juu zaidi, yakiwemo ya 2600 na 3500. Simu inayoingia sokoni sasa hutakiwa ifanye kazi kutoka takriban 700 hadi 960, nafasi ya asilimia 31. Kisha kutoka 1710 hadi 2690, nafasi ya asilimia 44. Kisha na hayo ya 3500 juu yake. Na hapo hatujahesabu eriali za kupokea majira ya satelaiti, za intaneti ya nyumbani, na za vile vidude visivyo na waya vinavyochomekwa masikioni. Zote zimo katika boksi moja la kioo na chuma, zikigombania nafasi na betri na kamera.

Hapa hapana budi kutaja sheria ambayo haikutungwa na Baraza la Wawakilishi wala na Bunge, na kwa hiyo haiwezi kurekebishwa. Mwaka 1947 Harold Wheeler, na mwaka 1948 Lan Jen Chu wa Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba eriali iliyo ndogo kuliko wimbi lake ina mpaka wa upana wa masafa ambao haiwezi kuuvuka, hata ikiundwa na fundi hodari wa namna gani. Mpaka huo hupungua upesi mno kadiri eriali inavyofanywa ndogo: ukivipunguza vipimo vyake vyote kwa nusu, upana unaowezekana hushuka kufikia takriban sehemu moja ya nane. Fundi basi amewekewa vitu vitatu mbele yake, udogo, upana wa masafa, na ufanisi, yaani kiasi cha nguvu kinachoruka kweli hewani badala ya kugeuka joto. Anaweza kupata viwili. Cha tatu ni lazima akilipie.

Kuna njia kadhaa ambazo mafundi wamezitumia kuukaribia mpaka huo, na ni vyema wasomaji wetu wazifahamu.

Ya kwanza ni kongwe kuliko simu za mkononi. Waya mwembamba una upana mdogo wa masafa; waya mnene una upana mkubwa. Mabaharia wa mwanzoni mwa karne iliyopita walilijua hilo, ndiyo maana meli zao zilifungwa eriali za nyuzi nyingi zilizozungushwa kwenye pete, mfano wa dema refu lililotandazwa baina ya milingoti. Kwa mawimbi, dema lile lilikuwa kama bomba moja nene, ila lilikuwa jepesi na halikushika upepo. Ndani ya simu unene huo hutafutwa kwa kulifanya bati liwe pana na kuliinua juu ya ubao kwa milimita chache zaidi. Milimita hizo ndizo zinazonyimwa, kwa sababu wanunuzi wameambiwa kwamba simu nzuri ni nyembamba.

Njia nyingine ni kuweka kando ya eriali kipande cha pili kisichofungwa waya wowote, chenye urefu unaotofautiana kidogo na wa kile cha kwanza. Kile cha kwanza kikitikisika, cha pili huitikia, kama ngoma iliyo kimya inavyoitikia inapopigwa nyingine karibu yake. Kwa kuwa kila kimoja kina mwendo wake, viwili kwa pamoja hufunika nafasi pana zaidi kuliko kimoja. Kukata mwanya katika bati, au kulichonga liwe na matawi mawili, moja refu na jingine fupi, ni kazi ya namna hiyo hiyo. Vile vile yapo mafungu madogo ya koili na kapasita yanayowekwa baina ya redio na eriali ili kulainisha makutano yao; kwa kuongeza hatua moja ya namna hiyo upana waweza kufika takriban mara mbili, lakini hatua za baadaye huongeza kidogo kidogo tu. Hilo nalo lina mpaka wake wa kihesabu, uliowekwa na wataalamu Bode na Fano katika miaka ya 1940 na 1950.

Lakini njia iliyoleta mageuzi ya kweli, kwa maoni yetu, ni ile iliyochunguzwa kwa makini katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, na Pertti Vainikainen na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 2002. Walionyesha kwamba katika masafa ya 900 kinachorusha mawimbi si kile kibati kidogo hasa. Ni mwili mzima wa simu, ule ubao wake wa madini wenye urefu wa sentimita 10 na zaidi. Kibati ni kichokozi tu. Kikiwekwa pembeni panapofaa, mwili wote huamka na kuwa eriali, na upana wa masafa huongezeka bila ya simu kunenepa. Ndiyo maana simu nyingi za sasa zimezungushiwa ukanda wa chuma uliokatwa mahali mahali kwa mistari myembamba ya plastiki. Mistari ile si pambo. Ukanda ule ndio eriali.

Ufundi huo, pamoja na uzuri wake, una gharama ambayo mwananchi ameilipa bila ya kuulizwa. Ikiwa mwili wote wa simu ni eriali, basi kila anayeishika simu anaishika eriali. Mkono wa binadamu umejaa maji ya chumvi, nao hunywa mawimbi na kuubadilisha mwendo wa bembea tuliyoitaja. Dunia nzima ililiona hilo mwaka 2010, wakati simu ya iPhone 4 ilipotoka na watu wakagundua kwamba kidole kikifunika ufa ulioko pembeni chini upande wa kushoto, simu hupotewa na mtandao. Kampuni ya Apple ikalazimika kuwapa wanunuzi maganda ya bure ya kuivisha. Kwetu maganda hayo yanauzwa kila kona, ila mengine ni ya chuma, na wanaoyanunua hawajui kwamba wanaifungia simu yao kwenye kopo. Na kuhusu vile vibandiko vya rangi ya dhahabu vinavyouzwa kwa madai ya kuongeza mtandao, tuseme tu kwamba vina manufaa kwa anayeviuza.

Mafundi wa sasa wameongeza ujanja mwingine: swichi ndogo ndani ya simu ambazo huibadilisha eriali kila mara, ikawa ndefu kwa 700 na fupi kwa 900. Kwa kweli huo si upana wa masafa. Eriali ni nyembamba vile vile, ila inahamishwa upesi kutoka mahali hadi mahali, kama mtu mwenye mshipi mmoja anayevua mara huku mara kule. Tunaukubali ujanja huu. Ni wa halali na ni wa kweli, na simu nzuri huutumia hata kuihisi hali ya mkono na kujirekebisha. Swichi hizo hazipatikani bure, lakini, na katika simu za bei ya chini ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuachwa.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Kuna njia moja ya kupanua masafa ya eriali ambayo ni rahisi kuliko zote hizi, haihitaji akili nyingi, na inaonekana vizuri kabisa katika karatasi. Ni kuitia hasara. Ukiizungushia eriali vitu vinavyonyonya mawimbi, au ukitumia ubao duni na viungo duni, nguvu inayopelekwa kwake hairudi nyuma. Basi fundi mwenye kipimo mezani ataona ya kwamba eriali inakubali masafa yote kutoka 700 hadi 2690 bila ya kikwazo. Atajaza fomu yake. Lakini nguvu ile haikuruka hewani. Imegeuka joto ndani ya simu. Bembea imetulizwa kwa kufungiwa jiwe, nasi tunaambiwa kwamba sasa inakubali kila mwendo. Upana wa namna hiyo ni upana wa uongo, na mnunuzi hana namna yoyote ya kuutambua dukani, kwa sababu boksi huorodhesha masafa ambayo simu inayakubali. Halisemi hata siku moja ni kiasi gani cha nguvu kinachotoka.

Mjini jambo hili halijulikani sana. Mtu aliyeko Michenzani ana minara karibu, na simu mbovu na simu nzuri kwake ni sawa. Baharini hakuna kusameheana. Chombo kikishakuwa mbali, wimbi linalotoka moja kwa moja hukutana na lile lililodunda juu ya maji, nayo hukaribia kufutana, hivyo nguvu haipungui kwa kipeo cha pili cha umbali bali kwa kipeo cha nne. Hesabu yake ni nyepesi. Simu inayofika kilomita 20, nguvu yake ikipungua ikabaki robo, itafika kilomita 14. Ikibaki sehemu moja ya kumi na sita, itafika kilomita 10 tu. Eriali duni ikishirikiana na mkono na kichwa cha msemaji yaweza kabisa kufanya upungufu wa kadiri hiyo. Mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa hicho na bara, una takriban kilomita 50. Kila msomaji aliyekwisha ukata mkondo ule wakati wa kusi anajua tofauti ya kilomita 10 ina maana gani kwa watu waliomo chomboni mashine ikizimika.

Sasa turudi kwa kitochi. Simu ya kizazi cha pili katika masafa ya 900 inaruhusiwa kutuma hadi wati 2, ijapokuwa kwa mipigo mifupi mifupi. Simu ya kizazi cha nne hutuma kwa kawaida sehemu moja ya kumi ya hizo, yaani wati 0.2. Kitochi aidha kina eriali iliyopewa masafa machache tu ya kushughulika nayo, na mwili wake wa plastiki umeiachia nafasi ya kupumua. Mvuvi hakukosea hata kidogo. Tena tuongeze jambo ambalo huwapoteza wengi: ile mistari ya mtandao inayoonekana juu ya kioo huonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Haionyeshi kama mnara unaisikia simu. Mnara hupaza sauti kwa makumi ya wati, simu hunong'ona. Ndiyo maana mtu aliyeko Kisiwa Panza au Makoongwe huweza kuona mistari miwili, akapiga, na asipate jawabu, kisha akailaumu kampuni ya simu. Huenda kampuni ina makosa, na huenda haina. Bila ya vipimo hakuna anayeweza kuhukumu, na hali hii ya kutojulikana nani mwenye kosa imewafaa wote wanaohusika isipokuwa mwananchi.

Je, yawezekana kupima? Yawezekana, na imeshafanywa na serikali nyingine yenye visiwa vingi. Nchini Denmark wananchi wa mashamba na visiwani walikuwa wakilalamika kama sisi, na katika miaka ya 2010 wakuu wao hawakujibu kwa maneno matupu. Walimpa kazi Profesa Gert Frølund Pedersen wa Chuo Kikuu cha Aalborg apime simu zinazouzwa madukani, zikiwa zimeshikwa kwa mkono wa bandia na kuwekwa kando ya kichwa cha bandia, na matokeo yake yakachapishwa kwa majina ya simu, kila mtu asome. Ikaonekana kwamba tofauti baina ya simu na simu ni kubwa, na kwamba simu moja hiyo hiyo yaweza kuwa nzuri ikishikwa kwa mkono wa kulia na dhaifu ikishikwa kwa mkono wa kushoto. Ikaonekana pia kwamba bei kubwa si dhamana ya kitu. Taarifa ya mwaka 2016 ilichapishwa na Baraza la Mawaziri la nchi za Kaskazini mwa Ulaya, na wenye makampuni ya simu hawakufilisika kwa ajili yake.

Watasema wengine ya kwamba Denmark ni tajiri. Lakini chumba cha kupimia nguvu inayotoka kwenye simu si lazima kiwe kile chumba cha thamani kilichopambwa kwa mapiramidi ya kunyonya mawimbi. Kipo cha namna nyingine, chumba cha mwangwi, ambacho ni sanduku kubwa la bati lenye mapanga yanayozunguka ndani yake ili kuyachanganya mawimbi. Wataalamu wa Chuo cha Chalmers, Sweden, wakiongozwa na marehemu Per-Simon Kildal, walikiendeleza kwa kazi hii hii ya simu. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni ina vijana wanaosomea umeme na mawasiliano. Sanduku la bati wanaweza kuliunda. Vyombo vya kupimia vitapaswa kununuliwa, na kwa hilo tunaelekeza macho kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili mawasiliano yafike pasipofikiwa na biashara. Mpaka sasa maana ya kufikisha mawasiliano imechukuliwa kuwa ni kusimamisha mnara. Mnara ni nusu ya maongezi.

Tunafahamu kwamba posta na simu ni mambo ya Muungano, na kwamba kibali cha kuingiza aina ya simu nchini hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Hatuombi chombo kipya. Tunaomba Mamlaka, inapotoa kibali, isiridhike na orodha ya masafa wala na karatasi ya mtengenezaji. Itake kipimo cha nguvu inayotoka hewani na ya uwezo wa kupokea, simu ikiwa mkononi na kando ya kichwa, katika masafa ya chini yanayotumika hapa kwetu, na ichapishe kipimo hicho kwa Kiswahili. Vipimo vya namna hii si vigeni kwa watengenezaji. Makampuni makubwa ya simu ya Marekani na Ulaya huvidai kabla ya kukubali kuuza simu katika maduka yao. Wanavyo tayari, hawajaulizwa tu.

Jambo la 700 nalo lahitaji kuangaliwa kwa haraka. Ndugu zetu wafanyabiashara hununua simu Dubai, nyingi zikiwa zimetumika, na baadhi yake zilitengenezwa kwa soko la Marekani. Mpango wa Marekani wa masafa hayo ya 700 ni mbali na ule uliowekwa kwa Afrika, na simu inayoandikwa kwamba ina 700 yaweza isisikie hata neno moja kutoka mnara wetu wa 700. Mnara wa shamba hutumia masafa ya chini kwa sababu ndiyo yanayokwenda mbali na kupenya minazi na mikarafuu. Mtu wa Micheweni hununua simu kama hiyo kwa fedha za karafuu za msimu mzima.

Pamoja na hayo, tungependa kutoa tahadhari, kwa kuwa tunaikumbuka Juni ya mwaka 2016, wakati simu bandia zilipozimwa nchini kwa usiku mmoja. Nia ilikuwa njema, na simu zile hazikustahili kutetewa. Lakini aliyepata hasara ni yule aliyenunua kwa kutojua. Muuzaji alikuwa ameshapokea fedha zake. Kwa hiyo hatupendekezi kwamba simu zenye eriali dhaifu zipigwe marufuku, wala mtu anyang'anywe aliyonayo. Simu dhaifu yafaa kabisa kwa karani wa mjini anayesomea ujumbe na kulipia umeme. Iuzwe, ila iandikwe ilivyo, kama vile chakula kinavyoandikwa tarehe na uzito. Serikali yenyewe inunuapo simu kwa ajili ya masheha, wauguzi wa vituo vya afya vya visiwa vidogo na maofisa wa uvuvi, iweke kipimo hicho katika masharti ya zabuni. Hilo halihitaji sheria mpya, na mnunuzi mkubwa akidai kitu, soko husikia.

Wapo watakaotuambia kwamba ujumbe wa dharura baharini si kazi ya simu ya mkononi, bali ni kazi ya redio ya baharini, chaneli 16. Ni kweli kabisa, na tungependa kila dau na kila mashua iwe nayo. Lakini tuangalie hali ilivyo, si inavyopasa kuwa. Katika ngarawa ya watu wawili kuna simu, na pengine ndiyo chombo pekee cha kupelekea habari nchi kavu. Mwenye ngarawa hiyo aiweke simu katika mfuko wa nailoni, kamwe si katika kopo la bati. Akitaka kupiga, asimame, aiinue juu, atumie sauti ya nje au waya wa masikioni, wala asiukumbatie mwili wake wote kwa kiganja kilichoroa maji ya chumvi. Atapata kilomita ambazo mnunuzi wa simu nyembamba hazijui.

Limebaki jambo moja, nalo lina muda. Nchi kadhaa zimekwisha zima mitandao ya kizazi cha pili; Singapore, kisiwa kama sisi, ilifanya hivyo mwaka 2017. Makampuni yanayo sababu nzuri za kutaka masafa yale yatumike kwa mambo mapya, na siku moja hoja hiyo itafika kwetu ikiwa imeandikwa vizuri. Siku hiyo kitochi chenye wati zake 2 kitanyamaza, na mvuvi wa Kojani atabaki na simu ya wati 0.2 yenye eriali ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kuipima. Tunawaomba Wizara na Mamlaka, kabla ya tarehe yoyote ya namna hiyo kutajwa kwa visiwa hivi, zichukue simu kumi zinazouzwa zaidi Darajani, Chake Chake na Mkoani, zikae nazo ndani ya mashua katika Mkondo wa Pemba pamoja na manahodha wenyewe, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na zituletee orodha ya kila simu na kilomita ambayo sauti yake ilikatikia.